Fizikia ya Mpemba: swali lililotoka kwenye jokofu la shule

Mwaka 2024 jarida la Physical Review Letters lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Innsbruck, Austria. Watafiti walikuwa wamezipanga ioni 12 za kalsiamu, yaani atomu zenye chaji ya umeme, kwenye mstari mmoja, wakazizuia zisitawanyike kwa nguvu za umeme, wakaziamrisha kwa miale ya leza, kisha wakaziachia zitulie zenyewe huku wakizipima hatua kwa hatua. Swali lilikuwa moja: je, mfumo ulioanza ukiwa mbali zaidi na utulivu unaweza kuufikia kabla ya mfumo ulioanza ukiwa karibu? Jibu lilikuwa ndiyo. Jina lililotajwa kwenye kichwa cha taarifa hiyo lilikuwa la Mtanzania ambaye, mwaka 1963, alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu akiwania nafasi katika jokofu la shule ili agandishe aiskrimu.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunaijua habari ya Erasto Mpemba, au tunadhani tunaijua. Husimuliwa kama ngano: mtoto aligundua kwamba maji ya moto huganda upesi kuliko ya baridi, walimu wakamcheka, msomi kutoka Chuo Kikuu akaja akampa haki yake, na mjadala ukaisha. Naandika makala hii kwa sababu naamini usimulizi huo unamdhulumu Mpemba mwenyewe. Unaficha kwamba alichokieleza kuhusu maji kina wapinzani hadi leo, tena wenye hoja nzito. Na unaficha jambo kubwa zaidi, kwamba katika miaka hii michache swali lake limetoka kwenye maji na kuingia katika misingi ya nadharia ya joto, mahali ambapo halitegemei tena kama aiskrimu ile iliganda kwanza au la. Mambo haya mawili hayana budi kushikwa pamoja, kwa kuwa anayelishika moja na kuliacha jingine huishia ama kushabikia ama kupuuza.

Tuanze na aiskrimu yenyewe. Katika maelezo aliyoyaandika kwa mkono wake, Mpemba anasema wavulana wa Shule ya Sekondari Magamba walikuwa na desturi ya kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe hadi karibu na joto la chumba, ndipo wakayatia kwenye jokofu. Watengenezaji walikuwa wengi na trei za barafu chache, kwa hiyo kulikuwa na kugombania nafasi. Siku moja alinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, akaanza kuyachemsha. Mwenzake alipomwona, aliona atapitwa. Akayachanganya maziwa yake mabichi na sukari bila kuyachemsha, akakimbilia jokofu. Mpemba naye akatambua kwamba akisubiri maziwa yapoe atakosa trei ya mwisho, akaamua kuyatia yakiwa ya moto, huku akijua fika kwamba anaweza kuliharibu jokofu. Waliporudi baada ya saa moja na nusu, trei yake ilikuwa imeshakuwa aiskrimu, na ya mwenzake ilikuwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Kwa wakati ule alilikubali jibu hilo. Kilichomrudisha kwenye swali ni wauzaji wa aiskrimu wa mjini Tanga. Rafiki yake aliyekuwa akiifanya biashara hiyo alimweleza kwamba yeye hutia mchanganyiko ukiwa wa moto kwa sababu huganda upesi, na wauzaji wengine mjini humo walifanya vivyo hivyo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wasimulizi wengi hulipita. Kabla ya maabara yoyote kuingilia, ujuzi huu ulikuwa mikononi mwa watu waliokula kwa jasho la friza, waliojua kwa hesabu ya mauzo ya siku ni njia ipi inayolipa. Aristotle naye, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliwataja watu waliokuwa wakiyaanika maji juani kwanza walipotaka yapoe haraka, na wavuvi wa Ponto, kwenye Bahari Nyeusi, waliomimina maji ya moto kuzunguka matete yao ili yagande upesi na kuyashikilia juu ya barafu. Francis Bacon na Descartes nao waliligusa jambo hili katika karne ya 17. Kisha fizikia ikajenga kanuni zake za joto, kanuni nzuri mno, na habari ya maji ya moto ikasahauliwa kwa kuwa haikuonekana kuwa na mahali pa kukaa ndani yake.

Mpemba alipofika Shule ya Sekondari ya Juu ya Mkwawa, Iringa, na kufundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, aliuliza tena. Mwalimu alijibu kwa maneno ambayo kila anayeipenda sayansi anapaswa kuyakumbuka: hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu, hata kwa kusoma vibaya jedwali la logi, aliambiwa hiyo ni hisabati ya Mpemba, na darasa zima likaudaka msemo huo. Si haki kumlaumu mwalimu yule kana kwamba alikuwa mtu mbaya kuliko wengine. Alikuwa na kanuni iliyothibitishwa mkononi na mwanafunzi aliyedai kinyume chake, na mara nyingi sana katika hali kama hiyo mwanafunzi ndiye hukosea. Kosa lake ni kwamba friza ilikuwapo, maji yalikuwapo, na saa ilikuwapo ukutani, naye hakuvitumia.

Ndipo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo na kukaribisha maswali. Mpemba aliuliza hivi: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana vyenye kiasi sawa cha maji, kimoja kikiwa na maji ya nyuzi 35 na kingine ya nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, kile kilichoanza na nyuzi 100 huganda kwanza; kwa nini? Wenzake walicheka. Lakini litazame swali lenyewe lilivyosukwa. Vyombo vinafanana, ujazo ni sawa, halijoto mbili zimetajwa kwa namba, mahali ni pamoja, na kinachopimwa ni kipi kinatangulia kuganda. Huyu hakuwa mtoto anayesimulia kioja alichokiona. Alikuwa mtu aliyekwisha kulibeba swali lake kwa muda mrefu hata akaling'oa kutoka kwenye maziwa na sukari, akaliweka katika sura ambayo mtu yeyote mwenye friza anaweza kuijaribu.

Osborne alikiri baadaye kwamba alidhani kijana amekosea, ila alikumbuka kuwa hakuna swali linalostahili kudhihakiwa. Aliporudi Dar es Salaam alimwomba fundi wa maabara alijaribu. Fundi alileta taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto yaliganda kwanza kweli, kisha akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio hadi wapate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la Physics Education. Mwaka huohuo G. S. Kell wa Kanada alichapisha makala yake kuhusu jambo hilohilo bila kuwa na habari zao. Katika majaribio ya Dar es Salaam, bika, yaani vikombe vya maabara, zenye sentimita 70 za ujazo wa maji ziliwekwa juu ya kipande cha povu la plastiki lisilopitisha joto, na ukapimwa muda hadi maji yanapoanza kuganda. Povu lile ni jambo dogo lenye maana kubwa, na nitalirudia.

Hapo ngano huishia, na hapo ndipo kazi ngumu inapoanza. Kwa nini maji ya moto yagande kwanza? Maelezo yaliyotolewa ni mengi kupita kiasi, nami huona wingi wa namna hiyo kuwa dalili kwamba bado hatujakishika kinachoelezwa. Wapo wanaosema maji ya moto hupoteza sehemu yake kwa mvuke, hivyo yanayobaki kugandishwa ni machache. Wapo wanaosema kuchemsha huondoa hewa iliyoyeyuka ndani yake. Wapo wanaoutaja mzunguko wa ndani, maji ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka, ambao huendelea hata baada ya maji kupoa. Na wapo wanaotaja tabia moja ya ajabu ya maji, kwamba yanaweza kushuka chini ya nyuzi sifuri yakabaki maji, yakingoja chembe ya vumbi au mkwaruzo wa chombo uyape pa kuanzia kuganda. James Brownridge wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kule Binghamton aliifuatilia tabia hii kwa miaka. Alionyesha kwamba ukichagua sampuli mbili zinazotofautiana katika halijoto ambayo huanza kuganda, unaweza kuyafanya ya moto yatangulie kila mara. Lakini hapo, ukitafakari, kinachoshinda ni chembe iliyomo ndani ya chombo. Mwaka 2012 Chama cha Kemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kutafuta maelezo bora, na maelezo zaidi ya 22,000 yakatumwa. Mshindi alikuwa Nikola Bregović wa Zagreb, na Mpemba na Osborne walikuwapo London katika hafla hiyo. Shindano lilimpata mshindi, ila mzozo uliendelea.

Niliwahi kulijaribu mwenyewe jikoni, kwenye friza ya zamani ambayo sakafu yake huota utando mnene wa barafu. Niliweka vikombe viwili vya bati, kimoja chenye maji ya bomba na kingine chenye maji yaliyotoka kuchemka. Nilipofungua mlango baadaye, kikombe cha moto kilikuwa kimeuyeyusha ule utando chini yake, kikazama na kukaa imara kama mtungi kwenye kata, kitako chake kikigusana moja kwa moja na bati la friza, na barafu ilikuwa imeshatanda juu ya maji. Kikombe cha pili kilikuwa kimekaa juu ya utando, na utando wa barafu, kama blanketi, ulikuwa unamkinga na baridi yule ambaye nilidhani ndiye mwenye nafasi nzuri. Siku ya pili niliweka kipande cha boksi chini ya vyote viwili. Maji ya bomba yakatangulia. Sikuthibitisha lolote kwa majaribio mawili ya jikoni, lakini nilielewa kwa macho yangu kwa nini Osborne aliweka lile povu: alitaka kuufunga mlango huu hasa, ili mtu asije akasema kwamba ni utando wa friza uliofanya kazi. Na nilielewa pia jinsi watu wawili wakweli wanavyoweza kufanya jaribio lile lile wakapata majibu mawili.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walilichukua swali hilo kwa makini ambayo wengi hawakuwa nayo. Walipima muda wa maji kupoa hadi nyuzi sifuri, wakayarudia majaribio katika hali tofauti, na wakazikusanya data za watangulizi wao, zikiwamo za Dar es Salaam, wakaziweka pamoja. Waliandika kwamba, kwa masikitiko kiasi, hawaoni ushahidi wa maana wa athari ya Mpemba katika maji. Walichokionyesha kwa uzuri zaidi ni kwamba kipimajoto kikiwekwa sentimita moja tu juu au chini ya kingine, tofauti hiyo peke yake inaweza kuyafanya maji ya moto yaonekane yamewahi, kwa sababu maji ndani ya chombo hayana halijoto moja kutoka juu hadi chini.

Niliwahi kuona watu wetu wakiipokea kazi hiyo kama tusi, kana kwamba Wazungu wametaka kutunyang'anya jina. Mimi siioni hivyo hata kidogo. Burridge na Linden walimfanyia Mpemba kile ambacho mwalimu wake alikataa kumfanyia: walilichukua dai lake wakalipima. Hoja yao inaweza kujibiwa, na imejibiwa, kwa mfano kwamba kufika nyuzi sifuri si sawa na kuanza kuganda, kwa kuwa maji yanaweza kukaa chini ya sifuri muda mrefu yakiwa bado maji. Lakini hoja hujibiwa kwa vipimo. Nami, nikiyatazama yote, naona kwamba katika maji ya kawaida athari hii haijathibitishwa kwa namna ambayo mtu yeyote akifuata maelekezo yaleyale atapata jibu lilelile. Anayetaka kumtetea Mpemba aanze kwa kulikubali hilo.

Sasa tugeukie upande wa pili, ambao ndio ulionivuta niandike. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz waliuliza swali kwa namna mpya. Waliyaacha maji, mvuke na vyombo, wakauliza: je, kuna kitu katika sheria za joto zenyewe kinachokataza cha moto kupoa kabla ya cha vuguvugu? Walionyesha kwa hesabu kwamba hakuna. Kanuni ya Newton tuliyofundishwa shuleni huchukulia kwamba kitu kinachopoa kina halijoto moja kila dakika, nacho hushuka nayo ngazi kwa ngazi. Kwa kitu kama hicho, wa juu lazima apite kwenye ngazi aliyosimama wa chini, na hawezi kumpita. Lakini kitu kinachopozwa ghafla hakishuki kwa ngazi. Kwa kitambo fulani huwa hakina halijoto moja unayoweza kuitaja, na hali yake hupita njia ambazo namba moja haiwezi kuzieleza. Njia za wawili hao zikishaachana, hakuna sababu ya kudai kwamba aliyeanza mbali lazima achelewe, kama vile anayekwenda katikati ya Dar es Salaam kutoka Kibaha, mbali, anavyoweza kumtangulia anayetoka Ubungo, karibu, ikiwa wa Ubungo amekwama kwenye foleni ambayo wa Kibaha hakuipitia.

Mfano wa barabara unatosha kufungua mlango, lakini kilichomo ndani kinastahili mfano ulio sahihi zaidi. Fikiria uwanja wa kuchezea gololi wenye mashimo mawili, moja la kina kifupi na jingine la kina kirefu, na kati yake tuta. Joto ni mtikisiko wa uwanja. Uwanja ukitikiswa kwa nguvu, gololi zinaruka huku na huko bila kulijali tuta. Ukitikiswa kidogo, nyingi hukaa mashimoni, na mara chache moja huruka tuta kwenda upande wa pili. Kupoa kabisa maana yake ni gololi kugawanyika kati ya mashimo mawili kwa uwiano ule ambao mtikisiko hafifu unautaka. Sasa punguza mtikisiko ghafla. Gololi za uwanja wa moto, zilizokuwa zimetapakaa kila mahali, huanguka kila moja kwenye shimo la upande ilipokuwa, na ikiwa upana wa pande hizo umepangwa vizuri, mgawanyo unaotokea unakuwa ndio ule unaotakiwa. Kazi imekwisha papo hapo. Gololi za uwanja wa vuguvugu zilikuwa zimeshakaa mashimoni, tena nyingi mno zikiwa katika shimo lisilo lake. Ili mgawanyo urekebike lazima zilivuke tuta moja moja, na mtikisiko uliobaki hauzisaidii tena. Ukaribu wao na utulivu ndio uliowafunga.

Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, waliujenga uwanja huo kweli na kutangaza matokeo katika jarida la Nature mwaka 2020. Gololi yao ilikuwa punje ya kioo yenye upana wa maikromita 1.5, yaani milioni moja na nusu za sehemu ya mita zikigawanywa kwa milioni moja mara mbili, ikielea majini, na mashimo yalitengenezwa kwa leza iliyoisukuma punje kulingana na mahali ilipo. Waliurudia mwendo wa punje mara 1,000 kwa kila hali ya mwanzo, wakaona wa moto akimpita wa vuguvugu, na katika hali zilizochaguliwa vizuri akipoa upesi mno, kwa sababu ile hatua ya polepole ya kuvuka tuta huondolewa kabisa. Sharti niseme wazi kwamba maji yaliyoizunguka punje hayakuwa ya moto wakati wowote. Kilichofanyika ni kuianzisha punje kutoka mahali ambapo ingekuwapo kama ingekuwa ya moto. Mtu anaweza kulalamika kwamba huko ni kucheza na maana ya neno. Mimi naona ndiyo faida yake, kwa kuwa mvuke, hewa iliyoyeyuka na utando wa friza vyote vimetolewa nje ya chumba, na bado athari ikabaki. Mwaka 2022 wakiwa na mwenzao Raphaël Chétrite walionyesha kinyume chake pia, yaani cha baridi zaidi kikipata joto kabla ya kile kisicho baridi sana.

Tangu mwaka 2017 mambo yamekwenda kasi. Uigaji uliofanywa kwa kompyuta kubwa ya Janus uliiona athari hii katika sumaku za vurugu zinazoitwa vioo vya spini, na nadharia imeionyesha katika mikusanyiko ya chembechembe zinazogongana kama mchanga uliotikiswa. Amit Gal na Oren Raz walionyesha mwaka 2020, kwa hesabu, kwamba kuna mifumo ambayo njia ya haraka ya kuipasha joto ni kuanza kwa kuipoza. Mwaka 2023 Filiberto Ares, Sara Murciano na Pasquale Calabrese wakaileta katika ulimwengu wa kwanta, yaani wa vitu vidogo kama atomu, na ni wazo lao lililojaribiwa kwa zile ioni 12. Huko Innsbruck hakuna kilichopoa kwa maana ya jikoni. Ioni zilitumika kama sumaku ndogo zilizoinamishwa kutoka kwenye mhimili mmoja, na kuinama huko kunavunja ulinganifu wa mfumo. Zikiachiwa, kila sehemu ndogo ya mfumo hurudisha ulinganifu wake polepole. Zilizoinamishwa zaidi ziliurudisha kwanza. Mwaka 2024 pia, katika Taasisi ya Weizmann huko Israeli, watafiti waliionyesha athari ya kinyume, ya kupata joto, kwa kutumia ioni moja tu ya strontiamu. Kazi hizi zina matumizi yanayoonekana kwa karibu, kwa kuwa mtu anayejenga kompyuta ya kwanta anahitaji kuzirudisha chembe zake kwenye hali ya mwanzo mara nyingi na kwa haraka, na kila mtu anayefahamu njia ya mkato ataitumia.

Hapa nina tahadhari moja. Jina la Mpemba sasa limekuwa kama jina la ukoo, linabebwa na jamaa wengi ambao wengine hawafanani sana. Kinachowaunganisha ni tabia moja tu, kwamba aliyeanza mbali anafika kwanza. Sababu zao ni mbalimbali, na ya ioni haifanani na ya punje ya kioo, wala ya punje haijaonyeshwa kuwa ndiyo ya maji. Kwa hiyo ni makosa kuandika, kama nilivyosoma mahali fulani, kwamba fizikia ya kwanta imethibitisha aiskrimu ya Magamba. Haijaithibitisha, na wala haikukusudia. Hakuna bado aliyeweza kuuchora uwanja wa gololi wa maji ya kawaida, mashimo yake yako wapi na tuta lake ni lipi, na mpaka hilo lifanyike daraja kati ya friza na nadharia ya mwaka 2017 lina mhimili upande mmoja tu.

Lakini kosa la kinyume ni kubwa vilevile, nalo ni kudhani kwamba kwa kuwa maji yana utata, basi Mpemba hakuchangia kitu. Kanuni ya kupoa ilifundishwa kwa vizazi kana kwamba inahusu kila kitu katika kila hali, nayo inahusu vitu vilivyo karibu na utulivu. Mpaka huo haukuwa umechorwa kwa wino unaosomeka, na mtu aliyewalazimisha watu waurudie kuutafuta alikuwa kijana wa Mkwawa. Makala za Lu na Raz, za Kumar na Bechhoefer, za Innsbruck, zote zinaliandika jina lake. Yule mwalimu alisema kwa dhihaka kwamba kuna fizikia ya Mpemba. Ipo, na ina wanafunzi wa shahada ya uzamivu.

Mpemba mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Makala ya mwaka 1969 inamtaja akiwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori kule Moshi, na maisha yake ya kazi aliyatumia katika kuhifadhi wanyama. Hilo huniuma kila ninapolifikiria. Sisemi kwamba wanyamapori ni kazi ndogo. Ila tungeweza kuwa na vijana wengi zaidi wa namna yake waliobaki maabarani, kama darasa lingekuwa mahali pa kupima na si pa kunakili tu. Na jaribio lake ndilo rahisi kuliko yote: vikombe viwili, friza, vipimajoto viwili, karatasi. Mwanafunzi anayelifanya atagundua mwenyewe kwamba lazima kwanza aamue neno kuganda lina maana gani, barafu ya kwanza kuonekana au tone la mwisho kuisha. Kwamba mahali pa kipimajoto pana maana. Kwamba kilichopo chini ya kikombe kina maana. Atapata siku ambayo ya moto yatatangulia na siku ambayo hayatatangulia, na atalazimika kuziandika zote mbili.

Mpemba aliandika hivyo. Mchana mmoja huko Mkwawa, kabla Osborne hajafika, alikuta maabara ya baiolojia iko wazi na haina mwalimu. Alichukua bika mbili za sentimita 50 za ujazo, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto kutoka kwenye birika la kuchemshia, akazitia haraka kwenye chumba cha kugandishia cha jokofu la maabara. Baada ya saa moja alirudi kutazama, na alichokiandika ni kwamba maji hayakuwa yameganda yote, ila barafu ilikuwa nyingi zaidi katika bika iliyoanza na maji ya moto.